Je, Mtoto wa Miezi Minane Haishi?



Liko neno ambalo sisi watu wa mwambao tumelirithi kwa mabibi zetu, nalo husemwa kwa sauti ya chini pembeni mwa kitanda cha mzazi, ya kwamba mtoto wa miezi saba huishi lakini wa miezi minane hana maisha. Mimi nimelisikia Tanga tangu utoto wangu, nimelisikia Pemba kwa wakwe zangu, na jamaa zangu wa Mombasa nao wanalo. Husemwa kama jambo lililokwisha kukatwa. Na kwa kuwa wenye kulisema ni watu wazima wenye heshima zao, hapana anayewauliza wamelitoa katika kitabu gani.

Mimi niliuliza, kwani nilikuwa na sababu yangu ambayo nitaieleza. Neno hili halimo katika Qur'ani. Asili yake ni kwa Wayunani wa kale. Katika vitabu vinavyonasibishwa na tabibu wao Hippocrates kimo kimoja kinachomhusu mtoto wa miezi minane peke yake, nacho kilifasiriwa kwa Kiarabu zama zile Waislamu walipokuwa wakikusanya elimu za mataifa, sahihi yake na makosa yake. Basi neno la Wayunani tumelivika kilemba na kulifanya la kwetu.

Qur'ani yenyewe ina hesabu nyingine. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu anataja muda wa mama kumbeba mtoto pamoja na wa kumwachisha ziwa kuwa jumla yake ni miezi thelathini. Na katika Surat Luqman, aya ya 14, anataja kuachishwa ziwa katika miaka miwili. Sayyidna Ali aliziweka aya hizi pamoja alipomtetea mwanamke aliyeshitakiwa mbele ya Khalifa kwa kuzaa miezi sita baada ya kuolewa. Ukitoa miezi ishirini na minne katika thelathini hubaki sita. Kwa hoja hiyo maulamaa wakaweka kuwa muda mdogo wa mimba ni miezi sita, na mtoto atakayezaliwa hai baada yake ana nasaba na haki zake zote. Wa saba, wa nane na wa tisa wote wamo humo, na wa nane hakutengwa.

Hayo ni ya nasaba. Ama ya uhai, kila siku anayoipata mtoto tumboni humwongezea nguvu, kwa hiyo wa miezi minane ana tamaa kubwa ya kuishi kuliko wa saba, na wa saba kuliko wa sita. Mbona basi wazee waliona kinyume? Nadhani wa miezi saba aliyepona alikuwa ajabu, akasimuliwa mitaa yote, na wenzake kumi waliokufa wakasahauliwa. Wa miezi minane alionekana mzima, watu wakamtazamia maisha, na alipokufa msiba wake ukakumbukwa. Tena wako wa miezi saba wengine, waliohesabiwa tangu siku ya harusi, waliozaliwa na kilo tatu na nywele tele kichwani. Hao tuwaache na mama zao.

Kinachowaua watoto hawa mara nyingi ni mapafu yasiyokomaa, na ndiyo niliyokusudia kuyaandika. Mtoto akiwa tumboni havuti hewa. Mapafu yake yamejaa maji, na riziki yake yote, pamoja na hewa safi, humjia kwa damu kupitia kondo na kitovu. Akitoka nje, kondo humaliza kazi yake na mapafu hushika zamu saa ile ile, hayana ruhusa ya kungoja. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kila kifuko kina unyevu ndani. Sasa chukua vipande viwili vya kioo, vitie maji, vigandamanishe, kisha jaribu kuvibandua. Utapata tabu, kwa sababu maji yana tabia ya kuvutana. Ndivyo unyevu ule unavyotaka kuvifumba vile vifuko visifunguke. Lakini Muumba ameweka ndani ya mapafu chembe zinazotoa ute wa mafuta ambao kazi yake ni mfano wa sabuni katika maji: huvunja nguvu ya kuvutana. Kila mwanamke afuaye anajua jinsi maji yanavyolainika yakipata sabuni. Wataalamu huuita ute huo sarfaktanti.

Ute huu huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24 ya mimba, kwa hesabu ya madaktari ambayo huanzia hedhi ya mwisho, na kwa watoto wengi hutosheleza kwenye wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa kabla ya hapo, yule tumwitaye mtoto njiti, anaweza kuwa na viungo vyote, vidole kumi na kucha zake, akakosa ule ute tu. Aliyewahi kupuliza puto anajua kuwa ugumu wake uko mwanzoni, na likishafunguka kidogo huwa jepesi. Mtoto mwenye ute, mapafu yake hayafumbi kabisa baada ya pumzi ya kwanza. Asiye nao hulianza puto lake upya kila pumzi, mara sitini na zaidi kwa dakika moja, mpaka nguvu zimwishe.

Sababu yangu ya kuuliza ni hii. Mwishoni mwa Novemba 2021 binti yangu wa pili, mimba yake ya kwanza, alipasukiwa na chupa usiku, siku zake bado. Alikuwa akikaa kwa wakwe zake, na mumewe alikuwa dagoni, simu haipatikani. Nilipofika nilikuta ubani umefukizwa na kombe limekwisha kuandikwa. Mavyaa yake ni mtu mwema, mcha Mungu, na maneno aliyonipokea nayo ni haya: "Mkwe wangu, tungojee mwenyewe arudi atoe ruhusa. Na miezi yenyewe si mizuri hii, ukimpeleka utamsumbua bure." Nikamwambia, "Bibie, kombe atalinywa njiani, na ruhusa tutaiomba tukiwa hospitali. Nafsi mbili haziwezi kungoja upepo wa matlai." Akanitazama, akaenda ndani, akarudi na kanga nne na pesa za bajaji.

Jambo la kwanza aliloulizwa na nesi ni siku ya hedhi ya mwisho. Binti yangu akajibu bila kusita kwamba ilimjia mwezi kumi na tano Ramadhani, na anadaiwa funga sita. Nesi akafungua kalenda, akahesabu, akasema, "Wiki thelathini na moja." Kisha akasema kuwa wengi wanaofika pale hawajui hata mwezi, seuze tarehe. Mwanamke mwenye kuswali anaijua siku aliyoacha na siku aliyojitwaharisha, na mwenye kufunga analijua deni lake. Kumbe elimu hii ya tohara tunayowafundisha mabinti zetu kwa ajili ya ibada ndiyo daktari anayoitaka, kwa sababu dawa aliyotaka kumpa haifai kutolewa kwa kubahatisha umri wa mimba.

Dawa yenyewe ilikuwa sindano ya deksamethasoni, mara nne, kila baada ya saa kumi na mbili. Alidungwa mama, si mtoto. Dawa hupita katika kondo, ikafika kwa mtoto, ikayahimiza mapafu yake yatengeneze ute mapema. Pamoja nayo alipewa dawa ya kuzuia maambukizo, akalazwa, akaambiwa asinyanyuke ovyo. Siku ya tatu alfajiri akajifungua mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia nne na hamsini. Alilia kilio cha kipaka.

Ili mjue thamani ya sindano zile, nitawarudisha nyuma, tena mbali. Tarehe 7 Agosti 1963 John F. Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake. Tazameni hesabu hiyo: ni mtoto wa miezi minane. Alikuwa na kilo mbili na gramu mia moja hivi, zaidi ya mjukuu wangu. Pumzi zikamshinda, akakimbizwa Boston katika hospitali ya watoto, akatiwa katika chumba cha chuma chenye hewa ya mgandamizo. Alikufa tarehe 9 Agosti, akiwa ameishi saa 39. Baba yake alikuwa na ndege, na majeshi, na madaktari wa kila fani, na hakuna kilichomfaa.

Na mji ule ule wa Boston ndiko sababu ya maradhi haya ilikojulikana miaka minne kabla. Mwaka 1959 daktari mwanamke, Mary Ellen Avery, pamoja na mwenzake Jere Mead, walilinganisha mapafu ya vichanga waliokufa kwa maradhi haya na ya waliokufa kwa sababu nyingine, wakaona kuwa ya kwanza yamekosa ule ute. Basi ugonjwa ulijulikana, dawa yake haikuwapo.

Dawa ilikuja kwa njia ya kondoo. Huko New Zealand, tabibu Graham Liggins alikuwa akichunguza ni kitu gani huanzisha uchungu wa kuzaa. Akawatia homoni wanakondoo wakiwa bado matumboni mwa mama zao, wakazaliwa kabla ya siku. Siku moja akamkuta mwanakondoo ambaye kwa umri wake alipaswa awe amekufa, naye anapumua. Angeweza kumpita. Alisimama akajiuliza mapafu haya yamekomaa vipi, akaliandika mwaka 1969. Kisha yeye na mwenzake Ross Howie wakaijaribu kwa kina mama 282 walioelekea kuzaa mapema. Mwaka 1972 wakatangaza kuwa katika kila watoto mia wa waliodungwa dawa, 9 tu walipata shida ile ya pumzi, na wa wasiodungwa ni karibu 26. Mtu angedhani dunia nzima ingeipokea mwaka ule ule. La. Marekani mkutano wa wataalamu uliohimiza madaktari waitumie kwa upana ulifanyika 1994, miaka ishirini na miwili baadaye. Nikilikumbuka hili hupungua hasira zangu kwa mavyaa ya binti yangu. Ukawiaji si wa akina bibi peke yao.

Lakini isije mtu akafunga gazeti akaenda kununua deksamethasoni dukani. Dawa hii huuzwa maduka mengi na huchezewa. Mwaka 2015 ilitolewa habari ya utafiti uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, ambako sindano hizi zilienezwa mpaka ngazi za chini kabisa za matibabu. Watoto wadogo hawakupata nafuu iliyotarajiwa, na kwa jumla vifo vya vichanga vikazidi kidogo, na maambukizo ya kina mama yakazidi. Wengi waliodungwa hawakuwa na mimba changa kama ilivyodhaniwa. Ndipo Shirika la Afya Duniani likafanya jaribio jingine katika Bangladesh, India, Pakistan, Nigeria na Kenya, kwa wanawake 2,852 wenye mimba za wiki 26 hadi 33, katika hospitali zinazoweza kuhesabu mimba sawasawa na kumhudumia kichanga. Matokeo yakatoka 2020: vifo vya vichanga vilikuwa karibu 20 katika mia kwa waliopata dawa, na zaidi ya 23 kwa wasiopata. Dawa ni ile ile. Tofauti ni mahali inapotolewa, na hesabu ya siku, na huduma inayomngoja mtoto. Ndiyo maana nasema kumkimbiza mama ni kabla hajazaa. Hospitali hutakiwa chupa inapopasuka, au damu inapoonekana, au uchungu unapoanza kabla ya wakati, na sindano nazo zataka muda wa kufanya kazi.

Mjukuu wangu, pamoja na sindano zile, alianza kuguna. Kila alipotoa pumzi alitoa sauti ya "enh, enh", mbavu zikiingia ndani, na pua zikipanuka. Sauti hii majumbani kwetu hutiwa maana nyingi. Mmoja atasema kaingiwa na jicho, mwingine atasema ni babewatoto, na wa tatu atasema mama alipita pasipofaa saa ya magharibi. Daktari alinieleza maana yake, nami nikastaajabu. Mtoto hufumba koo lake kidogo anapotoa pumzi ili hewa isitoke yote, vile vifuko visifumbe. Kwa hiyo ule mguno ni yeye mwenyewe anayapigania mapafu yake, na hakuna aliyemfundisha. Mtoto anayeguna hivyo, au midomo na ulimi wake ukageuka rangi ya buluu, ni wa kupelekwa hospitali dakika ile ile, amefunikwa kifuani mwa mtu asipate baridi. Moshi wa ubani na chumba kilichofungwa madirisha humzidishia dhiki. Tende ya kumpaka kinywani ni sunna njema, nayo haikimbii. Asubiriwe apumue kwanza. Adhana tuliisoma palepale wodini, polepole, nesi akatupisha.

Mganga mmoja wa San Francisco, George Gregory, aliufuata mguno huo akaufanyia chombo. Mwaka 1971 yeye na wenzake waliandika habari za vichanga 20 waliopewa hewa yenye msukumo usiokatika, isiyoyaacha mapafu yafumbe, na 16 kati yao wakapona. Chombo cha aina hiyo nilichokiona mimi ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mpira unaingia puani mwa mtoto, na ncha ya mpira wa kutolea hewa imezamishwa katika chupa ya maji, kina cha vidole kadhaa. Kina hicho ndicho kinachopima msukumo. Ile chupa hutokota mchana na usiku. Wenye umri wangu wanaikumbuka sauti ya buruma barazani kwa wazee, basi ni hiyo hiyo. Siku tano nililala kwa kuisikiliza, na ikinyamaza nashtuka.

Kaka yangu anasomesha madrasa, na siku ya pili alimuuliza daktari jambo ambalo naona wasomaji wengi wangeliuliza. Kwani ute huo hauwezi kutiwa kwa mtoto kutoka nje? Hutiwa. Mjapani Tetsuro Fujiwara alitangaza mwaka 1980 habari za vichanga kumi waliotiwa mapafuni ute uliotolewa katika mapafu ya ng'ombe, wakapata nafuu, na tangu hapo dawa hiyo imeokoa watoto wengi ulimwenguni. Ni ghali mno, na hospitali zetu nyingi hazina. Ila ziko aina zinazotokana na ng'ombe, na moja inayotumika sana hutokana na mapafu ya nguruwe. Hapo watu hukunja nyuso. Kaka yangu hakukunja. Alisema mlango wa dharura uko wazi katika dini, na Suratul Baqara, aya ya 173, imemwondolea dhambi aliyelazimika bila ya kutaka wala kuvuka mpaka. Ikiwapo ya ng'ombe na nguvu yake ni ile ile, ichukuliwe hiyo; ikikosekana, na daktari mwaminifu akasema roho ya mtoto imo hatarini, asiachwe afe kwa ajili ya jina la mnyama. Nayaandika kwa sababu swali hili lafaa liulizwe nyumbani mapema. Saa nane za usiku mbele ya daktari aliyeshika kalamu si wakati wake.

Mjukuu wangu hakuihitaji dawa hiyo, wala haikuwapo. Alipotoka katika chupa yake tuliambiwa tumvae. Nasema tumvae, maana ndivyo ilivyo. Mtoto huvuliwa nguo, akabakishwa nepi na kofia, akawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, wima, kichwa upande, kisha hufungwa kwa kanga. Wodini huita kangaruu, kwa yule mnyama wa Australia abebaye mwanawe mfukoni. Ilianza Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, ambako daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na vichanga wengi na mashine za joto chache. Ilidhaniwa kuwa ni shauri la maskini tu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu hii, kwa watoto 3,211 wenye kilo moja hadi kilo moja na gramu mia nane hivi. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika mia, na waliongojewa watengemae kwanza walikufa karibu 16. Wasimamizi wakalisimamisha jaribio kabla ya muda, kwa kuona haifai kuwanyima wengine. Basi, kama hospitali inaweza, mtoto asingoje hata kutoka katika mashine.

Wapo waliona haya, kwa kuwa wodini hupita madaktari wanaume. Haya ni katika imani, sikatai. Lakini kanga mbili na buibui vinatosha, na pazia likivutwa hakuna kinachoonekana zaidi ya kofia ya mtoto. Tena si lazima awe mama kila saa. Binti yangu alipochoka nilimvaa mimi, na mavyaa yake alipokuja kutazama nikamfunga yeye. Alikaa saa tatu hajisogezi. Akasema, "Mbona anapumua nami pamoja?" Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri kushika zamu yake, na mwanawe aliporudi kutoka dagoni ndiye aliyemwamuru avue shati. Mtoto alikaa wodini wiki tano. Akika tulimfanyia akiwa na kilo mbili na nusu.

Kitanda cha pili alikuwako mama mmoja kijana, mfiwa, aliyekuwa katika eda ya mumewe. Aliletwa akiwa amekwisha kuzaa njiani, mimba ya miezi saba haijatimia. Sindano hakuzipata, kwani hazikuwa na nafasi tena. Mtoto wa kiume, kilo moja na gramu mia. Alilia. Tulimsikia sote, na nesi akaandika katika karatasi yake kuwa mtoto alilia na saa aliyolia. Akatiwa katika mashine kama ya mjukuu wangu, akaguna siku mbili, akafa usiku wa tatu. Innaa lillaahi wainnaa ilayhi raajiuun.

Wakaja ndugu wawili wa yule marehemu, wakasema kijitu kile kisisumbuliwe, kizikwe tu kama kilivyo, hakikuwa mtu. Kaka yangu akawauliza kwa upole kama alilia. Nesi akatoa karatasi. Basi akawaambia kwamba maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi wameifanya sauti ya mtoto kuwa dalili ya uhai wake: akilia, ni maiti kama maiti wengine, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, naye hurithi na hurithiwa. Akapewa jina, na wale wale ami zake wakamwosha. Saa ile sikufikiri kama yalikuwa na jambo zaidi ya heshima ya maiti.

Baada ya wiki chache wakaja nyumbani kwa kaka kugawiwa urithi. Marehemu aliacha nyumba na ngalawa mbili, hakuacha wazazi wala mke mwingine wala mtoto mwingine. Kaka akakata mirathi mafungu 24. Kama mtoto asingezaliwa hai, mke alikuwa na robo, mafungu 6, na 18 ni ya ndugu. Lakini mtoto alilia, kwa hiyo mke akapata thumni, mafungu 3, na 21 yakawa ya yule mtoto aliyeishi siku mbili. Naye amekufa, anarithiwa: theluthi kwa mama yake, mafungu 7, na 14 yaliyobaki kwa ami zake. Mama akawa na 10. Mkubwa wa wale ndugu aliitazama hesabu muda mrefu, akaomba aisome tena ile karatasi ya nesi, kisha akatia sahihi.